Kununua kwa jumla au kwa kupima: kipi kinaipunguzia kaya gharama hapa Tanga?

MamaWanne_Makorora

Ndugu wanajukwaa, natumaini mu wazima. Naleta swali ambalo nyumbani kwetu limekuwa mjadala wa kila mwisho wa mwezi, na ningependa kupata maoni ya watu wanaoishi maisha ya Tanga hii hii, kwa kuwa ushauri mwingi ninaousoma umeandikwa na watu wa miji mingine ambako soko, hali ya hewa na hata ulaji ni tofauti na wetu.

Sisi ni kaya ya watu 7: mimi, mume wangu, watoto wanne na mama mkwe. Mimi hupokea mshahara mara moja kwa mwezi, ilhali mume wangu ni fundi seremala ambaye fedha yake huja kazi inapokwisha, leo ipo na kesho haipo. Yeye anashikilia kwamba mshahara wangu ukiingia tununue kila kitu kwa jumla, yaani gunia la mchele, kiroba cha unga, dumu la mafuta la lita 20, sukari, maharage, sabuni na mkaa, ili siku zinazobaki tuhangaikie kitoweo na mboga tu. Mama mkwe anaona kinyume kabisa. Anasema chakula kikijaa stoo mkono wa mpishi nao huwa mzito, na jirani anayekuja kuomba kikombe cha sukari hanyimiki wakati mfuko unaonekana mlangoni.

Mimi niko katikati. Naona wazi kwamba robo ya sukari ya asubuhi na kipimo cha mafuta cha jioni vinatugharimu zaidi tukivijumlisha, lakini nimeona pia kiroba cha unga kikiingia wadudu wakati wa masika kabla hatujafika nusu yake. Naomba kujua ni bidhaa zipi zinafaa kununuliwa kwa wingi katika joto na unyevu wa mji wetu, zipi ziachwe zinunuliwe kidogo kidogo, na kaya isiyo na akiba ianzeje bila kukopa. Naomba pia tusiishie kuambiana tupange bajeti, kwa sababu bajeti tunayo na imebandikwa ukutani.

DukaLaPembeni_Ngamiani

Dada wa Makorora, mimi ni muuza duka la rejareja hapa Ngamiani, kwa hiyo nitakujibu kutoka upande wa pili wa kaunta, ingawa huenda wenzangu wa biashara wasipendezwe.

Mteja anaponunua mafuta ya kula kwa kipimo kidogo halipii mafuta peke yake. Analipia pia matone yanayobaki kwenye kikombe na kwenye faneli, muda wa kumhudumia, na mtaji wangu uliolala ndani ya dumu tangu siku nililolifungua. Sukari ni hivyo hivyo, kwa sababu mfuko wa kilo 50 ukipimwa robo robo hautoi robo 200 kamili. Kila mkono unapopima huongeza chembe mbili tatu, na upungufu huo lazima urudi kwenye bei. Jambo ambalo wateja wengi hawalitazami, hata hivyo, ni sarafu. Tuseme kilo ya sukari inauzwa shilingi 2,900. Robo yake kwa hesabu ya shuleni ni shilingi 725, lakini hakuna duka litakalokurudishia shilingi 25, kwa hiyo utaambiwa 750 au 800. Ukilipa 800 mara nne umenunua kilo ile ile kwa 3,200. Bei ikikosa kugawanyika vizuri hupanda hadi kwenye hamsini au mia iliyo juu yake, na sijawahi kuona ikishuka.

Kwa hiyo mumeo ana hoja, ila si kwa kila bidhaa. Katika orodha yake mimi ningeanza na mafuta na sabuni. Mafuta yakifungwa vizuri na kuwekwa mahali penye kivuli hayana shida katika muda wa mwezi mmoja au miwili, na tofauti ya bei kati ya dumu na kipimo ni kubwa kuliko bidhaa nyingine nyingi ninazouza. Sabuni ya mche ndiyo ninayoipenda zaidi kwa ajili ya mteja mwenye nia ya kubana matumizi, kwa sababu inafaidisha mara mbili. Nunua katoni, kata miche vipande, vipange kivulini vikiwa vimeachana ili hewa ipite, kisha anza kuvitumia baada ya wiki kadhaa. Sabuni iliyokauka huyeyuka polepole kwenye maji, ilhali ile laini iliyotoka dukani leo huachwa nusu yake ndani ya beseni.

Chumvi, viberiti na majani ya chai sioni sababu ya kuvinunua kwa katoni, maana faida yake ni ndogo na vinachukua nafasi.

Kuhusu kuanza bila kukopa, usianze na gunia. Mwezi wa kwanza nunua dumu la mafuta la lita 5 peke yake, na vingine vyote viendelee kupimwa kama kawaida. Ile fedha ambayo ingeishia kwenye vipimo vya mafuta itenge kando kila siku, na mwezi wa pili itakusaidia kuongeza bidhaa nyingine. Daftari la mkopo la dukani liepuke kadiri uwezavyo, hata langu. Mwenye deni hawezi kuuliza bei duka la jirani, na muuzaji analijua hilo.

Jambo dogo la mwisho ni mfuko. Tangu mifuko ya plastiki ya kubebea ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, kila anayekuja mikono mitupu hununua mfuko mbadala. Wanaokuja na kikapu hawalipi kitu.

BabaWatatu_Pongwe

Naomba nitofautiane kidogo na kaka wa Ngamiani, si kwa hesabu yake bali kwa alichokiacha nje. Anayeishi Makorora anaweza kufika maduka ya jumla kwa miguu. Sisi tunaoishi Pongwe tunapokwenda mjini tunalipa daladala kwenda, na kurudi na mzigo tunalipa daladala pamoja na nafasi ya mzigo, halafu bodaboda kutoka barabarani hadi nyumbani. Nikishatoa hizo zote, tofauti ya bei ya gunia huwa imebaki kidogo sana, na mara nyingine duka la mtaani kwetu linalouza ghali huwa ndilo nafuu. Kabla ya kusema jumla ni nafuu, ni lazima nauli iingizwe ndani ya bei ya kilo.

Nilichokiona kinasaidia ni baiskeli. Mji wetu ni tambarare, na baiskeli yenye keria imara hubeba gunia la kilo 50 bila kumuuliza mtu nauli. Vijana wa siku hizi wanaona haya kuipanda, lakini hilo ni lao.

Bibi_Chumbageni

Mwanangu wa Makorora, nimesoma swali lako na nimemwelewa mama mkwe wako kuliko nilivyowaelewa hawa wanaume wenye hesabu, wala sisemi hivyo kwa kuwadharau. Anachokisema kuhusu mkono kuwa mzito ni kweli, ila dawa yake si kununua robo robo. Dawa yake ni kibaba.

Zamani hakuna mpishi aliyechota mchele kwa kubahatisha. Pishi moja ilikuwa na vibaba vinne, na kila nyumba ilijua inakula vibaba vingapi mchana na vingapi usiku. Wewe tafuta kopo moja, upime mchele mnaoupika siku mkishiba pasipo kubaki makombo, kisha uweke alama kwenye kopo hilo. Asubuhi toa cha siku nzima, kiweke jikoni, funga stoo, na ufunguo akae nao mama mkwe mwenyewe. Akishika ufunguo ndipo utakapoona kwamba gunia limepata mlinzi, na ya wageni na majirani atayamaliza yeye kwa busara zake. Kikombe cha sukari cha jirani usikifute, maana leo kwake, kesho kwako. Kiingize katika hesabu tu kama unavyoingiza mafuta ya taa.

Nazi hujazitaja, nami nashangaa, kwa kuwa nyumba ya watu saba hapa kwetu haiwezi kukosa kukuna nazi. Nunua nyingi kwa pamoja wanapozishusha kutoka Pangani, lakini chagua zile ambazo hazijafuliwa, kwa sababu nazi yenye makumbi yake hukaa muda mrefu kuliko iliyofuliwa. Kama zimeshafuliwa, hakikisha zimeachiwa nyuzi za makumbi juu ya macho, kisha uitikise kila moja usikie maji. Isiyolia ndani irudishe.

Na kuna Ramadhani. Kila mwaka watu wanalalamika tambi, tende, sukari, magimbi na muhogo vimepanda, kana kwamba mwezi umekuja bila taarifa. Sisi wanawake wa mtaani kwetu tuna mchezo unaoanza Mfungo Sita, yaani mwezi wa Maulidi. Kila wiki kila mmoja hutoa kidogo, na fedha haitolewi kwa mtu bali hukaa hadi Rajabu, kisha hununuliwa sukari, mchele, unga wa ngano na tambi kwa mifuko mikubwa na kugawanywa kabla Shaabani haijaanza. Vitu vibichi kama magimbi na ndizi hatuviingizi, kwa sababu haviwekeki. Mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipokwamisha uvunaji wa miwa na sukari ikapanda nchi nzima, waliokuwa na mfuko wa sukari ndani hawakupanga foleni.

MchuuziSamaki_Sahare

Shikamoo Bibi. Dada muuliza swali amesema kitoweo watakihangaikia siku kwa siku, na mimi nadhani hapo ndipo fedha nyingi zaidi inapovuja, kwa sababu kaya nyingi za hapa hutumia kwenye samaki kila siku bila kuangalia mwezi uko wapi.

Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na taa huwavuta vizuri usiku wa giza. Mwezi unapokuwa mpevu, kuanzia kama tarehe 13 hadi 17 ya mwezi wa Kiislamu, mwanga wake huishinda taa, vyombo vingi vya dagaa hupumzika, na wachache wanaopatikana huuzwa kwa bei ya juu. Giza linaporudi, kuanzia siku za 20 na kitu hadi mwezi mwandamo, dagaa hushuka kwa wingi na bei hushuka nao. Kwa hiyo anayenunua dagaa siku za giza, akawaanika vizuri juani na kuwaweka kwenye chombo kikavu chenye mfuniko, anakula mbalamwezi nzima kwa bei ya giza. Ukiwanunua wakiwa wameshakaushwa, waanike tena wewe mwenyewe siku moja, hasa kipindi cha mvua, kwa sababu wengi huuzwa wakiwa na unyevu ambao muuzaji anaupima pamoja na dagaa.

Pweza nao wana siku zao. Wakati wa bamvua, mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji hukupwa mbali, miamba hubaki wazi, na watu huenda kwa miguu na vijiti vyao kuwatafuta mashimoni. Siku hizo pweza ni wengi. Maji yanapokuwa mafu mwamba haukauki, na utalipa zaidi kwa pweza mdogo zaidi.

Halafu kuna pepo. Kusi inapovuma, takriban Aprili hadi Septemba, mashua ndogo na ngalawa hushindwa kutoka siku nyingi, kwa hiyo samaki wa mwamba kama changu huadimika. Hicho ndicho kipindi cha kula maharage, kunde na ng'onda. Kaskazi ikiingia bahari hutulia na samaki huongezeka. Ningekuwa na nyumba ya watu saba, ningenunua samaki wengi wakati wa kaskazi, nikawapasua, nikawatia chumvi na kuwaanika, maana ng'onda halihitaji friji wala umeme.

Sokoni Deep Sea samaki wakubwa hunadiwa, na mnadani anayenunua kwa ajili ya nyumba yake peke yake hushindwa na wachuuzi kama mimi. Njooni majirani watatu au wanne, mnunue tenga la vibua kwa pamoja. Angalieni matamvua yawe mekundu na macho yawe yamejaa. Ni kweli kwamba alasiri bei huanguka, lakini samaki wa alasiri ambaye hakupata barafu si nafuu kwa mwenye watoto wadogo.

BwanaShamba_Mstaafu

Nimefurahi kuona mjadala unaendeshwa kwa staha. Nataka kurudi kwenye kiroba cha unga kilichoingia wadudu, kwa kuwa kosa halikuwa la wingi bali la umbo la chakula kilichohifadhiwa. Unga hauwekeki katika mji wenye unyevu kama Tanga. Dona ni mgumu zaidi kuweka kuliko sembe, kwa kuwa kiini cha mahindi kina mafuta na mafuta hayo huchacha. Kinachowekeka ni punje. Kaya inayotaka kubana matumizi kwa upande wa ugali inunue mahindi, iyahifadhi vizuri, na kupeleka mashineni debe moja moja kadiri unga unavyokwisha. Pumba ni zako, na kama unafuga kuku watatu wanne utaziona thamani yake.

Wakati wa kununua ni baada ya mavuno ya masika, kama Julai na Agosti, wakulima wa Handeni na Kilindi wanapoingiza mahindi sokoni na wengi wao wanahitaji fedha kwa haraka. Bei ya Julai na bei ya Februari au Machi kwa kawaida hazilingani hata kidogo. Lakini mahindi ya wakati huo huwa na kasoro moja, nayo ni kwamba mengi hayajakauka sawasawa, na mahindi yasiyokauka ndiyo yanayoota ukungu. Ukungu huo ndio unaotoa sumukuvu, ambayo mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Haiondoki kwa kupika wala kwa kuosha.

Kuna namna ya kupima ukavu bila mashine, nayo haigharimu chochote. Chukua chupa safi iliyo kavu kabisa, tia mahindi hadi kama theluthi yake, ongeza vijiko viwili vitatu vya chumvi kavu, funga na utikise kwa dakika kadhaa. Iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu na hayafai kuwekwa. Ikiteremka yote chini na kuacha kuta safi, yamekauka. Hapa Tanga chumvi yenyewe huvuta maji hewani, kwa hiyo ianike juani au uikaushe kwenye kikaango kwanza, vinginevyo utayahukumu mahindi kwa kosa la chumvi. Nenda nayo hiyo chupa sokoni. Muuzaji mwenye mahindi makavu hatakukataza.

Kisha hifadhi kwenye mifuko ya PICS, ambayo ni mifuko miwili ya plastiki nzito ndani ya gunia moja la nje. Jaza ule wa ndani, kamua hewa, usokote mdomo hadi uwe mgumu, ukunje na kuufunga kwa kamba. Fanya hivyo kwa wa pili, halafu gunia la nje. Wadudu waliomo, fukusi na hata yule dumuzi ambaye wakulima humwita Scania, hukosa hewa na kufa pasipo dawa yoyote. Ushauri wangu kwa kaya ya mjini ni kuchukua mifuko ya kilo 50 badala ya kilo 100, ili unapofungua mmoja mingine ibaki imefungwa. Iwekwe juu ya mbao, isiguse ukuta wala sakafu, na usiiburute, kwa sababu tundu dogo tu linarudisha hewa.

Kuhusu gunia lenyewe, kataeni lumbesa. Kwa mujibu wa sheria gunia la mazao halipaswi kuzidi kilo 100, na hata mnunuzi anayedhani amefaidika na kilele kilichoshonewa juu hajui amenunua kilo ngapi. Ulizeni bei ya kilo, mpimiwe kwenye mizani yenye stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka huo.

FundiUmeme_Mikanjuni

Kuna bidhaa moja ambayo kuinunua kwa jumla kunaweza kukuongezea gharama, na hakuna aliyeitaja. Ni umeme.

Mteja wa nyumbani aliyewekwa kwenye daraja la matumizi madogo, yaani asiyezidi yuniti 75 kwa mwezi, hulipa shilingi 100 kwa yuniti, ambazo pamoja na kodi ya ongezeko la thamani na tozo hufika 122. Mteja wa daraja la kawaida hulipa shilingi 292, zinazofika takriban 356. Yuniti 75 zinamgharimu wa kwanza shilingi 9,150 na wa pili shilingi 26,700. Sasa mtu wa daraja la kwanza anapopata fedha na kununua yuniti 150 kwa mkupuo ili zimkalishe miezi miwili, mashine haijui kwamba ananunulia mwezi ujao. Inahesabu ununuzi wa mwezi husika, na kila yuniti iliyozidi 75 hutozwa shilingi 350 kabla ya kodi. Kwa hiyo fedha ya umeme wa mwezi ujao iweke, ununue mwezi ukiingia. Kaya ya watu saba yenye friji huenda isibaki ndani ya 75, lakini kama mnatumia taa, televisheni na feni pekee, nendeni ofisini mkaulize mko daraja gani, maana wapo wanaolipa 356 wakati matumizi yao yanastahili 122.

Wapangaji nao wakumbuke kodi ya jengo, ambayo hukatwa kupitia LUKU na tangu Julai 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida. Mdaiwa wa kodi hiyo ni mwenye nyumba. Tunza ujumbe wa ununuzi, mkae naye mkubaliane ipunguzwe kwenye pango.

Kwenye mkaa, ningemshauri dada aanze kuhamia gesi kwa vyakula vya haraka. Mtungi wa kilo 15 kwa kawaida huwa na bei ndogo kwa kilo kuliko ule wa kilo 6, ila mtaji wake wa kuanzia ni mkubwa. Mkiununua, pimisheni palepale dukani. Uzito wa mtungi mtupu umechorwa kwenye mtungi wenyewe, kwa hiyo toeni huo kwenye uzito wa mizani na kinachobaki ndicho gesi. Maharage yalowekwe usiku kucha na kuchemshwa ya siku mbili tatu kwa mara moja, ndipo yaungwe kidogo kidogo.

MamaWanne_Makorora

Nawashukuru nyote, na Bibi wa Chumbageni nampa shikamoo yake. Nimemsomea mama mkwe sehemu ya ufunguo, akacheka sana, na ameukubali wadhifa. Kwa hapa tulipofika tumekubaliana kuanza na mafuta na sabuni mwezi huu, unga wa kiroba tuuache kabisa, na mahindi tusubiri Julai. Umeme nitafuatilia, kwa kuwa friji hatuna na bado nakatwa ile 356.

Limebaki la mchele. Gunia zima bado linanishinda, lakini nina majirani wawili walio tayari tuchangie. Hofu yangu ni kwamba kitu cha shirika huzaa manung'uniko, na sitaki mchele utugombanishe na watu ambao watoto wetu wanacheza pamoja. Wanaochangia magunia wanagawana vipi?

DukaLaPembeni_Ngamiani

Dada, manung'uniko hutokea pale mchele unapogawanywa nyumbani kwa mmoja wenu, kwa bakuli, wengine wakiwa hawapo. Msilipeleke gunia nyumbani likiwa zima. Kila mmoja atoe fedha yake kabla ya siku ya kununua, na asiyetoa asiwekewe sehemu kwa ahadi. Nendeni wote watatu, au kila mmoja amtume mtu wake, na mkubaliane na muuzaji wa jumla kabla ya kulipa kwamba atawapimia mafungu matatu kwenye mizani yake. Wengi hukubali kama hamkuja saa ya msongamano, kwa hiyo epukeni wiki ile mishahara inapoingia.

Kabla gunia halijafunguliwa, pimeni zima. Lililoandikwa kilo 100 likionyesha 97, ni bora mjue mkiwa bado mbele ya muuzaji kuliko kushukiana baadaye. Fungueni na mwombe kuchota kutoka chini pia, kwa kuwa mchele wa juu wakati mwingine ni mzuri kuliko wa katikati, na mkiona chenga ni nyingi chini, hapo ndipo pa kushusha bei au kuacha. Chenga zitakazojikusanya mwishoni zigawanywe sawa kama mchele, asipewe mmoja.

Usafiri wa mzigo mgawane kwa kilo, na gunia tupu achukue yule aliyekubali kwenda kuulizia bei siku iliyotangulia.